Barua kwa Mwanangu Kabla ya Safari ya Basel

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Ifakara. Sote hatujambo, isipokuwa bibi yako anayelalamikia magoti, na analalamika zaidi kwamba habari ya wewe kwenda kusoma Basel, Uswisi, aliisikia kwa jirani kabla hujampigia simu.

Barua ya chuo uliyonitumia nimeisoma mara mbili, na sikuona mahali panaposema utarudi lini. Nilipokuuliza, ulinisimulia habari za Leonhard Euler, mwanahisabati wa huko, ukidhani sifa zake zitanisahaulisha swali langu. Basi nami nimemsoma.

Alizaliwa Basel mwaka 1707, akakulia Riehen, kijiji cha jirani ambako baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji. Alipelekwa mjini akae kwa bibi yake mzaa mama ili asome, kama ulivyokaa wewe Morogoro, lakini shule ile haikufundisha hisabati, na ni baba yake aliyemwanzishia nyumbani. Mwaka 1720 aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 13. Lililonifurahisha ni habari ya Johann Bernoulli, profesa wa hisabati chuoni hapo, ambaye hakuwa na nafasi ya kumfundisha faraghani, akamshauri asome vitabu vigumu peke yake na kumruhusu aje Jumamosi alasiri na yale tu yaliyomshinda. Kijana akagundua kwamba fundo moja likifunguliwa, mengine kumi hufunguka yenyewe. Nawe usimwendee mwalimu kabla hujahangaika na swali lako wiki nzima. Kichwa unacho, hilo sikatai, ila una haraka ya kuuliza.

Baba alitaka mwanawe awe mchungaji, akamsomesha theolojia, Kigiriki na Kiebrania, mpaka Bernoulli alipomwombea kijana, na mzee akakubali, kwani ujanani yeye mwenyewe alihudhuria mihadhara ya hisabati ya Jakob Bernoulli, kaka wa Johann. Mimi sikupata mtu wa kunieleza hivyo, na suala la udaktari niliotaka uusomee tuliache lilipo.

Lakini tazama kilichofuata. Aliomba kazi ya kufundisha fizikia Basel, akaikosa. Aprili 1727, kabla hajatimiza miaka 20, akaondoka kwenda St. Petersburg, Urusi, na hakurudi Basel tena maisha yake yote. Baba yake alifariki mwaka 1745. Mwaka 1750 alitoka Berlin, alikokuwa akiishi wakati huo, hadi Frankfurt kumpokea mama yake mjane ili akaishi naye, na hata hapo hakuendelea hadi kwao. Wengine watamsifu kwa kumtunza mama. Mimi naona mama ndiye aliyehamishwa uzeeni. Mimi sitaki kufuatwa Frankfurt. Nataka uje wewe.

Wala usiniambie huku hakuna kazi, maana maabara waliyoianzisha watafiti kutoka Basel hapa Ifakara mwaka 1957 leo ni taasisi kubwa ya utafiti wa malaria, na malaria nayo inahitaji watu wa hesabu. Kwa hiyo nijibu kwa maandishi: ni miaka mingapi?

Mpunga tumeshavuna, ila mashine ya kukoboa imeharibika, na fundi anataka pesa kwanza. Baba yako anasema mchele usikusumbue uwanjani, mimi nasema utabeba hata kilo tano. Nitajie uzito wa mizigo unaoruhusiwa, na umpigie bibi yako leo kabla hajalala.

Mama yako