YAH: KUKALIWA NA KUVUNJWA KWA PICHA YA JENERALI MUSUGURI, STENDI YA NANENANE

Ilazo, Dodoma
19 Julai 2025

Meneja,
Huduma ya Vifurushi

Ndugu Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa heshima, na naomba uniwie radhi pale kalamu itakaponishinda.

Masharti ya mizigo inayovunjika mnayajua. Mmeyabandika ukutani Musoma, na mtu wenu alimsomea mchoraji wangu neno kwa neno kabla ya kupokea pesa za kunitumia picha hiyo. Sitayarudia. Nakala ya stakabadhi nimeiambatisha.

Jumatano asubuhi nilifika ofisini kwenu pale stendi kuu, mimi na kaka yangu. Tukamkuta karani wenu amekalia kifurushi chetu, anakula chipsi. Maandishi mekundu, KIOO USIKALIE, yalikuwa yanaonekana pembeni ya suruali yake. Nikamwambia, "Mwanangu, huo uliokalia ni mzigo wetu." Hakuinuka mpaka alipomaliza kutafuna. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia begani hadi kwenye paji la uso. Kaka yangu anatembelea fimbo. Alipoiona sura ile akaiegemeza fimbo kwenye kaunta, akasimama wima, akapiga saluti. Karani wenu akacheka, akauliza, "Kwani huyu babu ni nani?"

Pale nilishindwa kumjibu. Nawajibu ninyi.

Ni Jenerali David Musuguri wa Butiama. Aliingia King's African Rifles mwaka 1942, enzi za mkoloni. Idi Amin naye alitoka jeshi hilohilo. Sasa tazameni njia zao zilipoachana. Amin mwaka 1971 aliigeuzia bunduki serikali aliyokuwa akiitumikia. Musuguri mwaka 1979 aliiongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda, Kampala ikaanguka Aprili, na bado alibaki askari wa Mwalimu Nyerere. Mtu ana jeshi lililotoka kushinda vita, katika miaka ambayo Afrika nzima wanajeshi walikuwa wanajikalia Ikulu, naye anasubiri amri! Akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akastaafu, akarudi kijijini kwake akaishi kama mzee mwingine yeyote hadi alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Nimefundisha historia miaka thelathini na sijapata mfano wa utii ninaoupenda kuliko huo.

Kwa kaka yangu haya si mambo ya darasani. Alikwenda vitani akiwa mgambo kutoka Mpwapwa. Machi 1979, pale Lukaya, Uganda, Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin waliwatawanya kwenye barabara inayokatiza kinamasi. Anasema usiku ule walijua wamekwisha. Musuguri akaiamuru Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini magharibi, igeuke ikawazibie adui njia ya Kampala. Kulipokucha wakawabana pande mbili. Kaka yangu anaamini yu hai kwa sababu ya amri ile.

Na hata hiyo Jumatano ilikuwa ya kuchelewa. Mzigo ulitakiwa ufike Jumatatu. Jumatatu nilipiga simu mara tano, nikaambiwa umeshushwa Singida kwa bahati mbaya, kisha sauti nyingine ikasema uko njiani, kisha hakuna aliyepokea tena.

Lakini kuchelewa ningewasamehe. Narudi kwenye ile saluti, maana tangu siku hiyo silali vizuri. Mkono wa kaka ulikuwa bado uko juu ya kipaji, unatetemeka kwa uzee, kijana wenu akamwita mwenzake: "Njoo umwone babu kapandisha!" Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Wengine wakacheka. Kisha akaisukuma picha kwa mguu, nasema kwa mguu, ikaburuzwa sakafuni hadi tulipo, akanipa daftari nisaini kwamba nimepokea mzigo ukiwa salama. Sikusaini. Kaka yangu hakusema neno hadi tunafika Ilazo, na chai hakunywa.

Siku ile ningeridhika na shilingi 40,000 za kioo. Sasa siridhiki nazo. Turubai lenyewe limetoboka, kwa hiyo nataka gharama yote ya picha, shilingi 220,000, pamoja na nauli ya mzigo. Nataka pia barua ya kuomba radhi, yenye muhuri, iliyoandikwa kwa jina la kaka yangu. Na yule kijana aje nyumbani pamoja na mkubwa wake, amwombe mzee msamaha ana kwa ana, akiwa amesimama.

Picha hiyo ilikuwa itundikwe Ijumaa ijayo, tarehe 25, Siku ya Mashujaa, katika darasa nililofundishia. Itatundikwa hivyohivyo na ufa wake, na wanafunzi wakiuliza nitawatajia jina la kampuni iliyoupasua. Ofisi za LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ziko hapahapa Dodoma, nami ni mstaafu, muda ninao. Nimewapata mashahidi wawili kutoka kwenye ile foleni, na namba zao ninazo. Kama hadi Alhamisi saa kumi jioni sijapata simu yenu, Jumatatu tarehe 28 nitakuwa mlangoni kwa LATRA, na nikitoka hapo nakwenda mahakamani. Kaka amesema atakuja na medali zake.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mwenye stakabadhi iliyoambatishwa