Wakasigau nao wamo katika vita vya Taita

Kwa Mhariri,

Nyanya yangu alizaliwa Malindi. Anayetufahamu sisi Wakasigau atajiuliza papo hapo: watu wa mlima ulio peke yake katikati ya nyika, kusini mwa Maungu, walifikaje ufuoni kuzalia huko? Jibu lake limo ndani ya vita ambavyo kaunti yetu ya Taita Taveta inajivunia kuwaonyesha wageni. Ajabu ni kwamba wageni hawaambiwi.

Hivi majuzi niliombwa kuwasindikiza wanafunzi katika ziara ya viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya Voi na Taveta. Nimefundisha historia miaka mingi, kwa hiyo nilikwenda kwa furaha. Kijana aliyetuongoza anaijua kazi yake. Alieleza jinsi Wajerumani walivyoiteka Taveta Agosti 1914, na jinsi Waingereza walivyoitandika reli kutoka Voi kuelekea mpakani ili wapate kupeleka maji na silaha. Tulipofika chini ya kilima cha Salaita, watoto walinyamaza kabisa. Hapo, tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walipanda wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakarudishwa mbio, na Wahindi wa kikosi cha Baluchi ndio waliowakinga wasimalizwe. Alisimulia vizuri sana.

Kisha mtoto mmoja akauliza, “Na Kasigau?”

Kijana akajibu kwa sentensi moja: Wakasigau waliwasaliti Waingereza kwa Wajerumani, wakahamishwa. Tukarudi kwenye basi.

Simlaumu sana. Amesema alichokikuta. Hata sisi walimu tulikuwa tukiipita sura hiyo haraka, na mimi ni mmoja wao. Lakini neno “waliwasaliti” lilinikaa kooni hadi nyumbani.

Tuanze na maji. Anayeijua nyika ya kwetu anajua kwamba katika vita vile bunduki ilikuwa ya pili. Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kwa miguu, wakiwa na baruti, kwenda kuilipua reli ya Mombasa na Nairobi. Njiani hakuna mto. Kuna Mlima Kasigau, unaokamata ukungu na kutoa chemchemi, na chini yake vijiji vyetu: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na vinginevyo. Kila jeshi lililopita lilihitaji mlima huo, na halikuhitaji kuonyeshwa na mtu. Unaonekana mwendo wa siku nzima kabla hujaufikia! Waingereza wakaweka kituo chao pale, na mwaka 1915 Wajerumani wakakivamia na kukiteka.

Aibu ile ilitafutiwa mwenye kuibeba. Wenyeji wakatuhumiwa kwamba ndio waliowaongoza adui. Labda yupo aliyeonyesha njia. Mwanakijiji mwenye mkuki akielekezewa bunduki na mgeni anayetaka kujua kambi iko wapi, sijui wewe msomaji ungejibu nini. Hata hivyo hakutafutwa mtu huyo. Ilichukuliwa jamii nzima, vikongwe na watoto wa mgongoni, ikaondolewa mlimani na kupelekwa Malindi.

Huko walikufa kwa wingi, kwa malaria na njaa. Walikuwa wametoka kwenye baridi ya mlima, wakatupwa kwenye joto na mbu wa pwani bila mashamba wala mifugo. Baadaye waliobaki walisogezwa hadi upande wa Mwatate, na hawakuruhusiwa kurudi Kasigau hadi 1936. Piga hesabu: vita vilikwisha 1918. Mtoto aliyeondoka akiwa na miaka kumi alirudi ana thelathini na mmoja, na huenda ana watoto ambao hawajawahi kuuona mlima wanaoambiwa ni kwao. Nyanya yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Alifika “nyumbani” ameshika kanga ya mama yake, akiuliza watalala wapi.

Na walipofika, sehemu kubwa ya nyika waliyokuwa wakiwinda na kuchungia haikuwa tena yao. Baadaye zikaja ranchi, na mwaka 1948 ikaja Mbuga ya Tsavo. Siku hizi Kasigau inatajwa hadi Ulaya kwa sababu ya biashara ya hewa ya kaboni, wageni wanakuja kuhesabu miti yetu, lakini hilo ni la barua nyingine.

Kuna jambo ambalo nyanya alilirudia kuliko yote, na halikuhusu ardhi. Zamani sisi Wataita tulikuwa tukiyahifadhi mafuvu ya wazee wetu mapangoni, ili wabaki karibu na walio hai. Alikuwa akiuliza: wale wa Malindi, nani aliwaleta pangoni?

Pale Voi kuna makaburi ya wanajeshi yanayotunzwa hadi leo. Amelala humo Wilbur Dartnell, Luteni mzaliwa wa Australia aliyeuawa karibu na Maktau Septemba 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi wake, akapewa nishani ya Victoria Cross. Alistahili, na watoto walilisoma jina lake kwa sauti. Mombasa nako kuna sanamu ya askari na wapagazi, iliyoandikwa hata kwa Kiswahili kwamba anayeipigania nchi yake, akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mkasigau aliyekufa kwa homa Malindi hakupigania nchi ya mtu. Sanamu ile haina mahali pa kumweka.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wanaoandika mabango na kuwafunza vijana wanaoongoza watalii: Kasigau ipewe kituo chake katika ziara hizo, na pale paandikwe kwamba watu walituhumiwa, wakahamishwa wote, na wakakaa uhamishoni miaka ishirini na mmoja. Neno “waliwasaliti” liondolewe. Hilo lilikuwa dai la serikali ya kikoloni, na hakuna sababu ya mtoto wa Rukanga kulirithi kama jina la ukoo.

La pili ni kwa wasomaji wa gazeti hili walioko Malindi na viunga vyake. Kama kuna mzee aliyewahi kusimuliwa na wakubwa wake kuhusu watu waliotoka bara wakati wa vita vya Wajerumani, wasiojua kuvua, wanaosema lugha isiyo Kigiriama, tafadhali mwandikie Mhariri. Tunataka kujua kambi ilikuwa upande gani, na wafu walizikwa wapi. Hata kama leo ni shamba la minazi au nyumba ya mtu, hatuji kudai kiwanja. Nitakuja kwa nauli yangu, na udongo kidogo wa mlimani kwenye kifuko.

Mwalimu mstaafu,
Rukanga, Kasigau