Barua kwa Salum kuhusu kisu cha kazini

Ndugu yangu Salum,

Baada ya salamu, nimefurahi mno kusikia umemaliza mafunzo ya polisi na unaanza doria. Umeniuliza kama ufunge kiunoni ile zana ya kukunja uliyozawadiwa na shemeji, yenye koleo, bisibisi na kisu. Iache nyumbani mpaka wakubwa zako wakuruhusu kwa maandishi. Najua hukutaka jibu hilo.

Huko uliko England, kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki za Jinai ya mwaka 1988 kinamkataza mtu yeyote kuwa na kitu chenye makali au ncha hadharani bila sababu ya msingi au idhini ya kisheria. Kinachosalimika ni kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Hata hicho kisiwe cha kujifunga: mahakama ilishaamua kwamba kisu kinachokaza kikifunguliwa, mpaka ubonyeze kitufe ndipo kikunjike, hakimo katika msamaha huo. Yako inakaza, nimeiona. Adhabu yake inafika miaka 4 jela.

Sheria inakubali kwamba kisu cha kazi kinaweza kuwa na sababu ya msingi, ila mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kama jeshi lako halikuruhusu kukibeba, utasimama na nini mbele ya hakimu? England na Wales zina majeshi ya polisi 43, na yana taratibu zake za vifaa binafsi. Alichokuambia mwenzako wa jeshi jingine kisikutoshe. Nawe ndiye utakayewapekua vijana na kuwatia pingu kwa visu vya aina hiyohiyo. Hilo linaniuma kuliko kifungu chenyewe.

Halafu kuna purukushani. Mtu mkikumbatiana naye chini, mkono wake unatafuta chochote kilichoning'inia kwenye mkanda wako. Kirungu na pingu umefundishwa kuvilinda. Kisu hicho nani amekufundisha?

Usidhani nasema uende mikono mitupu. Kitu ambacho ningekudai ukiulizie siku ya kwanza ni kile kikatio chenye umbo la ndoana, ambacho makali yake yamejificha ndani na nje ni butu. Mahabusu akijitia kitanzi, mbele yako kuna dakika chache tu. Unamwinua kwanza ili uzito utoke shingoni, unaingiza ndoana kati ya kamba na ngozi, unavuta. Kata mbali na fundo, uliache lilivyo, maana wachunguzi watalihitaji. Kisu cha ncha hapo kinaweza kumchana shingo mtu unayemwokoa. Kikatio hichohicho hukata mkanda wa gari baada ya ajali: uvute ukaze, ukate kwa mshazari. Makali yake huisha upesi, basi kikishatumika omba kingine, usikirudishe mfukoni kimyakimya.

Bisibisi na koleo viombe viwekwe kwenye gari la doria. Tochi nzuri nunua mwenyewe, kama hawakukatazi.

Mwone sajini wako kabla ya zamu ya kwanza, umwombe akuonyeshe utaratibu ulioandikwa, kisha uniandikie alivyokujibu. Nasubiri.

Wako akupendaye,
Hamisi