Kunyang'anya simu si mazungumzo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu ya juzi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amewahimiza wazazi wazungumze na watoto wao, kisha ushauri pekee alioutoa ni kukagua simu na kuzinyang'anya. Huo ni upekuzi.

Anayewinda watoto mtandaoni haji na pembe kichwani. Humkuta mtoto kwenye mchezo, humsifu, humpa sarafu za mchezo bila malipo, humvuta waandikiane faraghani na kumsihi asimwambie mtu. Picha ikishatumwa, vitisho huanza. Kinachomlinda mtu huyo ni hofu ya mtoto kwamba akisema ataadhibiwa, na hofu hiyo tunaipanda sisi wenyewe.

Mwaka jana binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 12, alipoanza kutumiwa ujumbe na mtu asiyemfahamu aliyejifanya rika lake na kutaka picha, alimweleza mama yake siku hiyo hiyo, jambo ambalo watu wazima wengi wasingekuwa na ujasiri wa kulifanya. Malipo yake yalikuwa kufokewa, kunyang'anywa simu na kusimangwa mbele ya ukoo mzima, huku mazungumzo yote yakifutwa kwa hasira kabla ya mtu yeyote kuyapiga picha ya skrini kama ushahidi, wala kumripoti na kumzuia yule mtu, ambaye bila shaka alihamia kwa mtoto mwingine. Binti mwenyewe aliniambia, tena kwa utulivu ulionitisha, kwamba siku nyingine hatasema.

Wala msitufariji na umri wa chini wa miaka 13 unaowekwa na mitandao mingi ya kijamii kwa anayetaka kujiunga. Kikomo hicho kinatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto, na hakipimi busara ya mtoto yeyote. Isitoshe, wazazi hao hao wanaohubiri tahadhari ndio wanaobandika hadharani picha za watoto wakiwa na sare za shule, jina na tarehe ya kuzaliwa, bila kuwauliza wenyewe, halafu wanashangaa mgeni amejuaje mtoto anasoma wapi!

Napendekeza muondoe utabiri wa nyota kila Ijumaa na mahali pake mchapishe sentensi moja ambayo mzazi anaweza kuitamka, mkianza na hii: "Ukiniambia kilichotokea, simu yako haitachukuliwa." Asiyeweza kuisema bila kukunja uso afanye mazoezi mbele ya kioo kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi