Risala ya Klabu ya Wasomaji wa Riwaya za Upelelezi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kujumuika nasi. Klabu yetu ilianza na wasichana 9 chini ya mwembe. Leo ina wanachama 37, na tunathubutu kusema kuwa hakuna kundi lililobadili fikra za shule hii kuliko letu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza na mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, ambaye mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la 1957/58, kisha tukamsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wote tunawapenda, na wote ni wanaume. Ndipo tukamtafuta mpelelezi mwanamke, tukampata Precious Ramotswe, aliyeuza ng'ombe alioachiwa na baba yake akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone, na Bi Jane Marple wa Agatha Christie, bibi mzee wa kijiji cha Uingereza anayefuma sufu, anayepalilia bustani na kumtambua mwovu kwa kumlinganisha na majirani aliowachunguza maisha yake yote. Hao walitufundisha kwamba yale yanayoitwa umbeya wa wanawake yanaweza kuwa ushahidi. Kwa kuwafuata, wanachama wameandika hadithi 11 za Kiswahili ambazo mpelelezi wake ni msichana, mafanikio ambayo tunaamini yanastahili kujulikana nje ya mkoa huu.

Hata hivyo, Mheshimiwa, klabu hii haina vitabu. Riwaya ya kwanza ya Bi Marple, iliyotoka mwaka 1930, tunayo nakala moja tu, na kurasa zake za mwisho zimenyofoka. Wasichana 37 wanajua kwamba kanali alipigwa risasi nyumbani kwa kasisi, wamebishana usiku kucha juu ya kila mshukiwa, lakini hawajui nani aliyemuua. Kitabu cha Bi Ramotswe tunakisoma kwa zamu ya siku mbili mbili, na wahitimu wa leo 5 wanaondoka kabla zamu yao haijafika.

Mahafali ya mwaka juzi, mgeni aliyesimama mahali uliposimama wewe alituahidi vitabu 40 na kabati lenye kufuli kabla ya mwisho wa muhula. Tulishangilia, tukamkabidhi orodha, na seremala akapima ukuta. Mwaka jana mgeni mwingine, kwa moyo uleule wa ukarimu, aliirudia ahadi hiyo, nasi tukaandika orodha upya. Alama za penseli za seremala bado ziko ukutani. Hatumlaumu mtu, tunajua viongozi wana mengi.

Kwa heshima zote, tunakuomba vitabu hivyo 40, vikiwemo vya wapelelezi wanawake, pamoja na kabati. Orodha ya tatu imeambatanishwa na risala hii. Tunaomba pia, bila kukukosea adabu, ahadi yako iandikwe leo katika daftari la klabu, ikiwa na tarehe na saini yako, mbele ya wazazi hawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daftari liko mezani pako.

Tunaomba kuwasilisha.