Kidonda si dagaa wa kuanikwa juani

"Mnavifunga ili turudi kulipa." Safari hii maneno haya yametoka kwa mteja wa huduma yetu ya kusafisha na kufunga vidonda, aliyeyafikisha hadi soko la Mwanga, kwamba tunavundika vidonda vya watu tupate hela. Kwa maoni yake kidonda kiachwe wazi, kipigwe na jua, kipate hewa. Wengi hapa Kigoma wanafikiri hivyo hivyo, kwa hiyo tujibu kwa kirefu.

Hewa mnayoisema ni oksijeni, na ni kweli kidonda kinaihitaji sana. Seli nyeupe za damu huitumia kuua vijidudu. Seli zinazotengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia nyama mpya, haziwezi kuifanya imara bila oksijeni na vitamini C. Ila oksijeni haipiti mlango mnaoudhani. Ngozi isiyo na jeraha huvuta kidogo tu kutoka nje, isiyofika hata nusu milimita kwenda chini. Nyingine yote huletwa na damu. Kidonda cha ugoko hata ukikianika ufukweni Kibirizi kutwa nzima, oksijeni yake ndani haiongezeki. Kinachoongezeka ni gamba.

Na gamba ndilo linalotupa kazi. Seli mpya za ngozi huanzia pembeni mwa kidonda zikatambaa kuelekea katikati, na hutambaa penye unyevu. Zikikuta pamekauka inabidi zipite chini ya gamba, na hapo siku zinakwenda. Mwaka 1962, George Winter wa Uingereza alilinganisha vidonda vidogo kwenye ngozi ya nguruwe (ndugu zetu wa Ujiji mtuwie radhi). Vilivyofunikwa kwa plastiki nyembamba viliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa vikauke. Alikuja kwetu mvuvi mmoja, gamba limekauka kama ganda la mti, naye anajisifu kimepona. Tulipolilainisha kwa maji ya chumvi, usaha ukatoka chini yake. Alilipa dresingi nyingi kuliko ambazo angelipa angekuja mapema, na lawama akatupa sisi.

Siku za mwanzo, mishipa midogo ikiwa imekatika, oksijeni katikati ya kidonda hushuka sana, na upungufu huo wa muda una faida. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikitosha, huvunjwa. Ikipungua, hubaki na kuziamsha seli za ngozi zihame, na mishipa mipya ichipue. Utafiti wa jinsi seli zinavyohisi oksijeni uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2019. Ubaya ni upungufu usiokwisha: seli zinashindwa kugawanyika vizuri, kolajeni haikamiliki, vijidudu vinashamiri, na kidonda kinakaa palepale miezi. Mwenye kisukari anaumia mara mbili, maana sukari ikiwa juu hata hiyo HIF-1 haifanyi kazi inavyotakiwa. Ndiyo sababu tunakutoboa kidole kabla hatujagusa bandeji. Mzee mmoja alitugombeza, "Nimeleta mguu, ninyi mnataka damu!" Sukari yake ilikuwa juu sana wala hakujua.

Halafu kuna dawa ya povu, paroksaidi. Watu wanapenda kuona inachemka. Povu lile ni oksijeni kweli, lakini halilishi seli. Dawa yenyewe inaziunguza seli changa pamoja na vijidudu. Ukiimwaga kila asubuhi, unabomoa kilichojengwa usiku. Unga wa kapsuli za dawa mnaounyunyiza kidondani nao hugandamana na usaha, tunautoa kwa kubandua huku mgonjwa analia. Mawese nayo msipake kidondani, tuachieni kwenye mboga.

Kufunga nako kuna namna yake. Mama mmoja alimkaza mwanawe kwa kipande cha khanga hadi vidole vikapoa na kubadilika rangi. Bandeji ikibana hivyo, damu haipiti, na oksijeni haifiki. Sigara ni vivyo hivyo: nikotini inabana mishipa, na moshi wake unachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Wavutaji wetu wanajua tunavyowasumbua.

Sasa bei. Kidonda kidogo ni shilingi 5,000, kikubwa 10,000. Humo mna glavu mpya, gauzi safi, maji ya chumvi, kuondoa nyama iliyokufa bila haraka, kupima sukari mara ya kwanza, na kupima kidonda kwa rula ili wewe mwenyewe uone kama kinapungua. Anayekufungia kwa 2,000 muulize gauzi ametoa wapi. Wala si kila dresingi ni ya kila siku; kidonda kikiwa safi tunakwambia urudi baada ya siku mbili au tatu, na hiyo ndiyo hela tunayodaiwa kula.

Tukigusa juu ya unyayo tusisikie mapigo ya mshipa, au wiki nne zikipita kidonda hakijapungua, tunakuandikia barua uende hospitali ya mkoa na hatukutozi. Mguu usiopata damu hauponi kwa bandeji, hata ikiwa yetu.

Jumapili tunafungua mchana, kwa wenye dresingi tu.