Pepo wa mgodini aufuate mgodi

Mhariri,

Hadithi yenu ya mfululizo kuhusu kijiji cha wachimbaji wa Uingereza kinachoandamwa na pepo wa chini ya ardhi inavuta msomaji, ila mgodi wenyewe hauaminiki, na mgodi usipoaminika pepo naye hatishi. Tunaomba mwandishi aurekebishe kabla hadithi haijawa kitabu.

Kwanza aamue wanachimba nini. Kijiji amekiweka Cornwall, kwenye bati na shaba, halafu anakilipua kwa gesi. Mlipuko wa methani ni balaa la migodi ya makaa ya mawe, kama ya Durham na Northumberland. Akibaki Cornwall anao vipepo wa huko huko, walioaminiwa kugonga ndani ya mwamba. Wachimbaji waliwaachia kipande cha chakula chao, na kupiga mluzi chini ilikuwa mwiko.

Akihamia kwenye makaa, aijue gesi. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hukaa darini, na hulipuka ikifika kati ya asilimia 5 na 15. Aliyelala sakafuni hakabwi nayo kama tulivyosoma katika sehemu ya tatu. Cha sakafuni ni hewa nzito ya kaboni dioksidi isiyo na oksijeni ya kutosha, ambayo huzima taa kabla mtu hajaanguka. Pepo hana haja ya kuipuliza.

Taa yenyewe, ile ya mwanakemia Humphry Davy ya 1815, ambayo mwali wake umezungukwa na wavu wa waya, inastahili ukurasa mzima. Mchimbaji hupunguza utambi mpaka mwali ubaki mdogo, kisha huinua taa polepole kuelekea darini huku akiukazia macho. Penye methani, utando hafifu wa buluu hutokea juu ya mwali, na gesi ikizidi utando hurefuka. Hapo haipulizi wala haishushi kwa pupa. Huiteremsha taratibu, akaondoka. Wavu wa waya ukitoboka, au upepo wa mgodini ukiwa mkali na kuusukuma mwali nje, taa hiyo hiyo ndiyo inayowasha gesi. Sasa fikirieni utando wa buluu unaorefuka kwenye njia ambayo haijawahi kuwa na gesi! Msomaji ataogopa bila kelele zozote.

Dhoruba pia itumike. Kanieneo ya hewa ikishuka, gesi iliyojaa kwenye sehemu zilizokwisha kuchimbwa hutoka, kwa hiyo barometa inayoanguka ni ishara tosha ya ujio wa pepo.

Mwaka 1870, ambao hadithi imewekwa, nao unaleta shida. Ndege wa kanari, waliotumika kugundua gesi ya sumu, waliingia migodini mwishoni mwa karne ya 19 tu, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, kwa hiyo waondolewe. Tena kijiji hakiwezi kunaswa chini kwa kuwa shimo ni moja: Januari 1862, katika mgodi wa makaa wa Hartley huko Northumberland, boriti ya mashine ya kuvutia maji ilivunjika ikaziba shimo pekee, wakafa wanaume na wavulana 204, na mwaka huo huo sheria ikadai njia mbili za kutokea katika migodi ya makaa. Arudishe hadithi nyuma hadi 1861.

Mwisho, watu. Wachimbaji wa makaa wa Bedworth, Uingereza, mwaka 1874, walikataa kushuka kwa sababu walisikia ndege wa usiku waliowaita Wapiga Mluzi Saba, walioaminiwa kuwa ishara ya maafa, wakapoteza ujira wao. Basi wachimbaji wa hadithi yenu, waliosikia sauti ya pepo usiku kucha, hawawezi kupanga foleni alfajiri bila hata mmoja kubaki nyumbani.